Mama Anakula Jikoni

Mtu akiniambia "mimi nimeshakula," naogopa. Cheka ukitaka. Hapa Songea mjini wananijua kwa mdomo, hawanijui kwa woga. Sokoni Majengo niliwahi kugombana na muuza nyanya aliyenipunja mpaka akaitwa mgambo, na mgambo mwenyewe nikamgombeza. Lakini maneno hayo yakitoka kinywani mwa mama yangu, moyo unanilipuka hadi leo.

Mama anaitwa Lidwina. Yuko Maposeni, nyuma ya mashamba ya mahindi, anaishi na baba yetu Bartolomeo, kaka yangu Leo na Rosemary, mke wa Leo. Mimi Suzana ndiye niliyelikimbia jembe nikaja mjini kuuza chapati. Ukishuka Maposeni ukauliza kwa Lidwina ni wapi, utakayemuuliza ataanza kucheka kabla hajanyoosha mkono, maana kila mtu kule ana kichekesho chake alichopewa na mama. Kwenye jumuiya ya kanisani yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Msibani ndiye anayekabidhiwa sufuria kubwa, na harusini vilevile. Amepika tangu usichana wake, na mimi nilikuwa sikumbuki hata siku moja kumwona anakula.

Usishangae, kwetu hilo si jambo. Baba na Leo wanatengewa barazani. Rosemary ni mkwe, na kwa heshima anabeba sahani yake kwenda kula kwake, nyumba ya nyuma. Mimi nikienda nyumbani siku hizi ni mgeni wa mjini, natengewa pamoja na wanaume kama bwana shamba. Anayebaki jikoni ni mama peke yake, na mbwa wetu Komandoo amelala mlangoni. Ukimwita mama aje, anajibu kutoka humo ndani, "Kuleni jamani, mimi nimeshakula!" Nasi tunakula. Tulikula hivyo miaka yote.

Kuna bwawa huko kwetu, lilichimbwa zamani kwa ajili ya bustani na ng'ombe. Jioni mama na wenzake walikuwa wakiingia majini wawili wawili, wameshika kitenge kikuukuu mmoja huku na mmoja huku, wanakokota vidagaa. Vilikuwa vidogo sana. Ukivipika na nyanya vinalainika mpaka vinakuwa mchuzi mtupu, hata kibogoyo anakula. Wala hakuna aliyekuwa akivihesabu. Unachota, unaongeza, nani atakuuliza?

Halafu ukaja mwaka wa mvua kubwa. Mabwawa ya kufugia samaki ya huko juu yakabomoka kingo, sato wakateremka na maji. Sato si samaki wa mito ya kwetu, aliletwa. Alipoingia bwawani aliona pazuri: akala mwani, akala mayai ya wenzake, akazaana. Leo na vijana wenzake wakafurahi, wakatafuta nyavu, samaki wakaanza kuja Songea kwenye mahoteli. Baada ya misimu michache kitenge cha mama kikawa kinatoka majini na tope tu. Na sato, tofauti na kidagaa, anahesabika. Mmoja wa baba, mmoja wa Leo, mmoja wa Rosemary, mmoja wa mama. Wa mama alikuwa anapewa Rosemary. Kijiji kikasifu: mama mkwe wa namna hii mtu atampata wapi?

Hata mimi nilisifu.

Zuhra tulijuana kwa ugomvi. Ni binti wa Tunduru, baba yake ana mikorosho, na yeye amesoma mpaka anasomea udaktari wa mambo ya samaki. Alipanga chumba karibu na kibanda changu cha chapati, na asubuhi moja ikaanza kutoka harufu ya samaki wa kukaushwa, harufu nzito, wateja wangu wanaziba pua. Nikaingia kwake na mwiko mkononi. Nikamwambia maneno yote niliyokuwa nayo. Akasikiliza, akasema, "Dada, nisamehe. Nina tanuri dogo na samaki wengi, na sina mtu wa kunisaidia." Nilipotoka mle nilikuwa nimeajiriwa. Nilikuwa nakausha vipande vya samaki, nasaga kwenye kinu kidogo cha kaure mpaka vinakuwa unga laini, nafungasha.

"Unga huu wa nini?" nikamuuliza. "Mnaukaangia?"

Akanieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Katika mwili wa kila kiumbe kuna naitrojeni, na ziko za aina mbili, nyepesi na nzito. Hazina mionzi, hazimdhuru mtu, zimetulia tu, ndiyo maana zinaitwa isotopu thabiti. Anayemla mwenzake, nyepesi zinamtoka kwenye mkojo, nzito zinabakia. Kwa hiyo mwani una nzito kidogo, mdudu anayekula mwani anazo zaidi, kidagaa anayemla mdudu zaidi yake, na anayemla kidagaa zaidi tena. Ni ngazi. Kaboni nayo inaonyesha chakula kilitoka wapi, shambani au majini. Zuhra alitaka kujua, sato alipoingia bwawani, lile lile la kwetu Maposeni, ni nani alihama meza na ni nani alikosa kiti.

"Na juu kabisa ya ngazi," akasema, "mko nyinyi mnaokula samaki."

Ndipo akataka nywele. Unywele unakua kidogo kila mwezi, kama upana wa kucha ya kidole cha mwisho, na kila kipande kinabaki na habari ya chakula cha mwezi wake. Wenyeji waliitwa mkutanoni, wakaelezwa, asiyetaka aliachwa. Majina hayakuandikwa; taratibu zao zinakataza. Kila nyumba ilipewa namba, nywele za nyumba moja zikakaa pamoja kila moja kwenye karatasi yake, basi. Nyumba yetu ilikuwa namba saba. Nywele zao nilizikata mwenyewe ile miezi ya baridi, nimeshika mkasi kama fundi.

Baba alikuwa na upara na vishungi vya nywele nyuma ya masikio, nikapata kidogo. Leo ananyoa kila mara, nikapata vumbi. Rosemary alikuwa amenyoa kichwa chote mwezi wa tano kwa msiba wa mama yake. Kwetu msiba wa damu yako unanyolewa, ingawa vijana wengi wameacha. Mama akavua kilemba. Nywele zake ndizo fahari yake. Mara ya mwisho alinyoa alipofariki dada yake, mama mdogo Skolastika, na tangu hapo amezilea, amezisuka mistari minene inayolala mpaka shingoni.

"Kata huko nyuma, padri asije akaniona nina kipara," akaniambia. "Halafu mkikuta nimekula ugali, mtanipa cheti?"

Tukacheka sote. Komandoo alikuwa mlangoni, amenenepa mpaka hawezi kubweka. Leo akasema mbwa yule amezidi, tumwandikishe uaskari. Tukacheka tena.

Zuhra alirudi chuoni kwake na mizigo yake, vipimo vikapelekwa ng'ambo, mimi nikarudi kwenye chapati zangu. Baridi ikaisha, jua likawaka, watu wakaanza kuandaa mashamba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha aliponipigia simu mchana mmoja.

"Suzana, umekaa?"

"Nimesimama, nasukuma chapati. Sema."

"Ile nyumba namba saba ni ya nani? Wewe ndiye uliyezunguka, unaijua."

Nikacheka. "Ni kwetu. Mmekuta nini, wachawi?"

Hakucheka. Nikaweka chini kile kijiti cha kusukumia.

"Kuna mtu mmoja humo," akasema polepole, "naitrojeni yake inapanda mwezi hadi mwezi. Wallahi mwanzoni nilifurahi. Nikasema huyu ndiye anayekula samaki kuliko watu wote wa bwawa lile. Kumbe kaboni yake haiendi na samaki kabisa. Nikamwonyesha mwalimu wangu. Akaniambia mtu aliyeshiba samaki na mtu anayekufa njaa, ukiwatazama kwa naitrojeni peke yake, wanafanana. Mwili usipopata chakula unakula nyama yake wenyewe. Unasomeka kama umekula mnyama, na mnyama ni wewe."

Nikaipangusa mikono yenye unga kwenye aproni.

"Ni nani?"

"Sina majina, unajua. Lakini sikiliza, nywele zenyewe..."

Nikakata simu. Ndivyo nilivyo, sijui kusubiri sentensi iishe. Hasira hasara, wanasema. Kwangu mimi na woga pia ni hasara. Nilichokuwa nakiona kichwani ni kwamba nywele zile zilikatwa wakati wa baridi. Habari aliyonipa Zuhra ilikuwa ya zamani. Kama mwili wa mtu wa kwetu ulikuwa unajila wakati ule, sasa hivi umebaki na nini? Nikamwachia jirani jiko, nikapanda bodaboda na aproni yangu.

Njia nzima nilikuwa nawahesabu watu wa nyumbani kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepungua zizini. Leo? Leo anakunywa pombe ya ulanzi, lakini ana mashavu. Mama? Mama nilimpita haraka. Mama ana sweta, ana vitenge viwili kiunoni, ana sauti ya kujaza kanisa. Baba ndiye aliyekuwa mwembamba. Baba alikuwa anakohoa. Na Rosemary, Mungu wangu, Rosemary alikuwa na mimba changa na anatapika kila kitu. Nikamwambia dereva aongeze mwendo, akaniambia dada barabara ina tope, tutafika maiti. Nilimchukia kwa neno lile.

Nilipofika walikuwa wanakula. Baba na Leo barazani, kila mmoja na sato wake. Nikamvaa baba bila hata shikamoo.

"Baba, unapungua! Kwa nini hukusema? Unakohoa tangu lini?"

"Marahaba," akasema baba, maana yeye adabu haimwachi. "Nakohoa vumbi la mahindi, mwanangu. Kuna nini?"

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, kwa kelele, na nilipofika kwenye "mwili unajila wenyewe" Leo akaweka tonge chini. Rosemary alikuwa ametoka nyumba ya nyuma na sahani yake, akasimama pale pale amejishika tumbo. Machozi yakaanza kumtoka.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi wifi, hakuna kinachokaa. Mtoto wangu ananila."

"Hakuna mtoto anayemla mtu hapa!" nikafoka, na nilifoka kwa sababu niliamini.

Mama akachungulia mlango wa jikoni, anajifuta mikono. Uso wake sikuusoma. Laiti ningesimama nimtazame vizuri, lakini nani anamtazama mpishi? Alisikia yote. Akasema tu, "Wapelekeni hospitali. Mimi nitawapikia uji wa kubeba."

Akatupikia uji. Sitasahau. Akauweka kwenye chupa ya chai, akatufungia na vikombe vinne, akasema yeye ameshakula.

Hospitali ya misheni walitupokea vizuri. Tatizo lilikuwa mimi. Daktari anauliza mgonjwa ni yupi, mimi namwambia mmoja wao, chagua wewe. Baba akasema yeye hana njaa, ana vumbi. Walimpima makohozi, wakampima Rosemary mkojo na damu na uzito, na kila jibu lililotoka lilikuwa zuri, na kila jibu zuri lilinitisha zaidi. Mapafu ya baba safi. Rosemary ameongezeka uzito tangu kliniki iliyopita. Nesi akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe nalala vizuri.

Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Niliichomeka kwenye kibanda cha soda hapo getini, na ilipowaka tu ikaanza kulia. Zuhra alikuwa amenipigia siku nzima.

"Suzana, kwa nini unakata simu kama unakata kuni? Nilitaka kukwambia nywele ni ndefu!"

"Ndefu vipi?"

"Ndefu. Nimekata vipande vingi, vinarudi nyuma zaidi ya mwaka. Ndiyo maana niliona inavyopanda. Hao wengine wa nyumba yenu nina mwezi mmoja au miwili tu. Mtu huyu ana nywele za zaidi ya mwaka, Suzana. Ni nani kwenu mwenye..."

Safari hii sikukata simu. Ilinidondoka.

Baba na upara wake. Leo na wembe wake. Rosemary aliyenyoa mwezi wa tano. Na mistari minene iliyolala shingoni. Niliona vile mwanamke wa kibanda cha soda anavyonitazama, nikajua nimepiga kelele.

Sikumbuki niliwaambia nini baba na Rosemary. Leo anasema nilimwambia "wasubirishe," kama mtu anayeacha sufuria jikoni. Nilirudi Maposeni kwa bodaboda nyingine, na safari hii sikumhesabu mtu. Nilikuwa nasema jina la mama kimoyomoyo na naogopa hata kulimaliza. Nikimkuta ameanguka? Nikimkuta amelala kwenye moto wa jikoni, peke yake, na sisi watu wazima wote tumekwenda kumpima mtu mwenye vumbi?

Baraza lilikuwa tupu. Nikazunguka nyuma taratibu. Sijui kwa nini nilinyata kwenye nyumba yetu wenyewe. Mlango wa jikoni ulikuwa umeegeshwa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mbele yake kulikuwa na sahani ya ugali na kipande cha sato alichokibakisha. Alikata tonge dogo, dogo la kumpa mtoto mchanga, akatafuna. Alitafuna muda mrefu amefumba macho. Akajaribu kumeza. Shingo ikamkaza, mishipa ikasimama, mkono ukapiga paja mara mbili tatu, na machozi yakamtoka bila sauti yoyote. Kisha akainama, akalitema lile tonge kiganjani, akamnyooshea Komandoo. Mbwa alilipokea taratibu. Alikuwa ameshazoea.

"Mama," nikasema.

Hakushtuka. Aliniambia, "Funga mlango."

Nikafunga. Nikapiga magoti, nikamshika mkono juu ya sweta, na sweta likabonyea. Nikapandisha mkono wa sweta. Ndani kulikuwa na jingine, na ndani ya hilo mkono ulikuwa wa mtu nisiyemjua, mfupa na ngozi, unaweza kuuzungushia vidole vikakutana. Nililia kwa sauti. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja kile kile cha ugali.

"Nyamaza, majirani."

"Tangu lini?"

"Halipiti, mwanangu. Uji unapita. Maji yanapita. Vidagaa vilikuwa vinapita, nikiviponda. Sasa vidagaa viko wapi?" Akatazama moto. "Skolastika naye alianza hivi hivi. Ugali kwanza. Baadaye uji. Baadaye mate."

Mama mdogo Skolastika alikufa na kansa ya koo. Mama ndiye aliyemuuguza, sisi tulikuwa tunaletewa habari tu. Sasa nikaelewa. Yule sato wa Rosemary, ile huruma iliyosifiwa kijiji kizima, haikuwa huruma. Ulikuwa woga. Mama yangu, anayewachekesha watu msibani, alikuwa anakaa jikoni kila siku na kifo cha dada yake, hao wawili na mbwa, na sisi tuko barazani tunaomba chumvi.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nikisema, kitakuwa kweli."

Nilikuwa na maneno makali tayari kinywani, unanijua. Yakaisha yote. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu na yeye alikuwa anaogopa, na mimi sikuwahi kujua kama mama anaogopa.

Baba alipoambiwa, alisema lile ambalo wazee husema, mficha maradhi kifo humuumbua, na sauti ikamkatika katikati. Hospitali wakampitisha mama mpira wenye kamera kooni. Daktari alisema njia imebana sana, amechukua kinyama kidogo kipelekwe kupimwa, tungoje jibu. Kungoja kule sitaki kukueleza kwa urefu. Mama alikuwa analishwa maji ya dripu na uji mwepesi wa maziwa kidogo kidogo, maana walisema mwili ulioshinda na njaa ukiulisha kwa pupa unaweza kuua. Nilikaa pembeni ya kitanda natazama shingo yake. Leo alikuwa anakuja, anasimama mlangoni, anaondoka. Usiku nikisinzia naota mkasi.

Mama peke yake ndiye aliyejaribu utani. "Ningejua nywele zina umbea hivi," alisema, "siku ile ningevaa kichwa cha Rosemary."

Hakuna aliyecheka. Nikamwona anatutazama mmoja mmoja, na akaacha.

Jibu lilipotoka daktari alituita wote. Nilimshika Rosemary mkono nikaubana mpaka akalalamika. Daktari akasema si kansa. Akarudia, kwa sababu baba aliuliza, "Umesema si?" Ni kovu. Mama alikuwa na kiungulia cha miaka mingi alichokituliza kwa kulamba majivu na kunyamaza, tindikali ikapanda, ikachoma, ikapona, ikachoma, mpaka njia ikawa ndogo. Wataipanua, na atarudi ipanuliwe tena na tena. "Lakini msidanganyike," akasema. "Kovu hili lisingemuua. Njaa ingemuua, na haikuwa mbali."

Baba akatoka nje. Tulimkuta ameshika ukuta.

Siku mama alipoanza kula chakula kigumu nyumbani, nilikuwepo. Aliamka akapika, huwezi kumzuia. Akatenga barazani sahani ya baba na ya Leo, akarudi jikoni. Basi nikamwona baba yangu, Bartolomeo, mzee ambaye sijawahi kumwona akivuka kizingiti kile, ananyanyua kigoda chake kwa mkono mmoja na sahani kwa mwingine, anaingia jikoni, anainama asigonge paa, anakaa kwenye moshi. Leo akamfuata. Rosemary akasita na sahani yake kwa sababu ya heshima, baba akamwambia, "Ingia mama, heshima ilitaka kutuulia mtu."

Tukabanana humo tunamtazama mama. Akakata tonge. Akachovya. Likakaa mkononi.

"Mnanikodolea macho hivi, hata maji yatanikwama," akasema.

Lakini hakuna aliyegeuka. Akatia mdomoni, akatafuna, na sisi sote tukawa tunameza mate pamoja naye. Likapita. Akakata jingine.

Mimi nilikuwa na mkasi mkobani. Zuhra hakunituma, ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemwomba anipimie tena, akaniambia inshallah nilete. Nikasema, "Mama, ukimaliza nikate kidogo tu huko nyuma. Nataka niwe na hakika."

Mama akanitazama, mdomo umejaa.

"Suzana," akasema alipomeza, "ukitaka kujua nimekula nini, uache mkasi wako. Njoo ukae tule."

Nikavuta kigoda. Komandoo alikuwa mlangoni, ameinua shingo, anamtazama mama mkono. Alingoja mpaka sahani ikawa nyeupe, akangoja kidogo tena, mwisho akaenda zake.